Wakili wa mpangaji hutafutwa kabla ya kufuli

Wapangaji wengi wa Nairobi humtafuta wakili siku ambayo mlango umeshang'olewa au kufuli ngeni imeshatiwa. Hata siku hiyo wakili ana la kufanya, ila kazi imekuwa ngumu na ghali. Badala ya kuiomba mahakama imzuie mwenye nyumba, sasa anaiomba imrudishe mpangaji ndani, na mahakimu huwa wazito zaidi kutoa amri ya kurudisha kuliko ya kuzuia. Kama una pesa za kumlipa wakili mara moja tu, zitumie wiki ya kwanza baada ya kupata notisi. Shahidi wa mwisho wa kesi unaweza kumhoji mwenyewe; ombi la kwanza la dharura likiharibika, mara nyingi hakuna kesi inayobaki.

Kabla ya wakili, kuna swali moja ambalo likijibiwa vibaya hata wakili mzuri hupoteza miezi: unashtaki wapi? Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba hizo kuna jopo maalumu, na ulinzi wake ni mkubwa. Mpangaji hafurushwi bila amri, amri yenyewe hutolewa kwa sababu zilizotajwa ndani ya sheria, na mwenye nyumba haruhusiwi kukamata mali kwa ajili ya kodi bila idhini ya jopo. Vyumba vya mabati vya Mukuru au Mathare bado vinaweza kuingia humo. Lakini bedsita ya Pipeline, Zimmerman au Umoja imeshavuka kiwango hicho zamani. Ukipeleka kesi ya nyumba ya 9,000 mbele ya jopo hilo, wakili wa upande wa pili ataleta pingamizi la awali kwamba jopo halina mamlaka, na wiki ulizoshinda kwenye foleni zitakuwa bure. Kwangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika sheria zetu za upangaji: kiwango cha 2,500 kimeachwa pale pale huku jiji lote likikipita.

Aliye juu ya kiwango hicho huenda mahakama ya hakimu, ambayo ina mamlaka ya kusikiza mizozo ya ardhi na upangaji kulingana na thamani ya madai. Hakimu mkuu anafika hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo si lazima kukimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa mzozo wa kodi ya elfu kumi na tano. Angalia pia mpaka wa kaunti. Watu husema wanaishi Nairobi ilhali nyumba iko Rongai, Kitengela au Ruaka. Kesi ya nyumba hufunguliwa mahali nyumba ilipo, kwa hiyo wa Rongai anaangalia Ngong au Kajiado, na wa Ruaka anaangalia Kiambu. Mahakama ya Milimani, ya Nairobi, si ya kila mtu anayepanda matatu kwenda mjini.

Sasa notisi. Wengi wanaamini kwamba bila mkataba ulioandikwa hawana haki yoyote, na keateka wengi, yaani watunza majengo, wanafurahia imani hiyo. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba pale ambapo muda haukutajwa, upangaji unafuata kipindi cha kulipa kodi. Unalipa kila mwezi, basi wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na anayetaka kuuvunja upangaji huo lazima atoe notisi isiyopungua kipindi kimoja, inayoisha siku ya kulipa kodi. Tazama hesabu yake. Kodi yako ni tarehe 5. Landilodi anakuandikia tarehe 12 Machi kwamba uwe umetoka 12 Aprili. Mwezi umetimia, lakini 12 Aprili si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata baada ya mwezi kamili ni 5 Mei. Kwa hiyo notisi hiyo ina dosari, na dosari ya namna hii ndiyo wakili huishika kwanza kwa sababu haihitaji shahidi. Inahitaji kalenda na risiti. Ukiwa na mkataba ulioandikwa, soma kwanza kifungu chake cha notisi, maana hapo hesabu inaweza kuwa tofauti.

Notisi ikiwa ni ya kosa, kwa mfano malimbikizo ya kodi, sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye nyumba atoe angalau siku 30, ataje kosa, na kama ni kosa linaloweza kurekebishwa, akutake ulirekebishe. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ikisema "hama kufikia Ijumaa" haina hata kimoja kati ya hivyo. Ipige picha ikiwa mlangoni, nambari ya nyumba ionekane, kisha ibandue uihifadhi. Na kama ploti imeuzwa, mnunuzi hakununua nyumba tupu: upangaji wa mwezi kwa mwezi ni miongoni mwa haki zinazoifunga hati ya umiliki hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Mwenye nyumba mpya naye anahitaji kutoa notisi.

Kuna mkanganyiko mwingine unaowagharimu watu vitanda na friji. Kukamata mali kwa ajili ya kodi na kufurusha ni mambo mawili. Kwa nyumba zilizo juu ya kiwango cha Sura ya 296, landilodi anayedai kodi anaweza kumwagiza dalali mwenye leseni akamate mali ya mpangaji bila kwenda mahakamani kwanza. Dalali hana budi kukupa tangazo la maandishi linaloorodhesha kila kitu, hali yake na thamani yake, na kukupa siku za kulipa kabla ya kukichukua. Vifaa vya kazi, nguo na matandiko vina kinga kwa kiwango kilichowekwa na sheria. Anapoona huenda akalazimika kuvunja mlango au kuzua vurugu, kanuni za madalali zinamtaka aombe amri ya mahakama ya kusaidiwa na polisi. Lakini hata akifanya yote hayo sawasawa, kazi yake ni kuchukua mali. Hana ruhusa ya kukutoa ndani, kubadilisha kufuli wala kung'oa mabati. Anapofanya hivyo kwa kisingizio cha kodi, hilo ni kosa tofauti na linadaiwa peke yake. Akija, omba leseni na kitambulisho, andika nambari ya gari, na usitie sahihi orodha ambayo hujaisoma hadi mwisho.

Chifu naye hana mamlaka ya kumfurusha mpangaji. Ofisi yake ni mahali pazuri pa kupatana, hasa kuhusu mpango wa kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaliyoandikwa pale yanasaidia mahakamani. Barua yake lakini haigeuki kuwa amri. Polisi pia: wakikuambia ni mzozo wa kiraia, wako sahihi kuhusu kodi, lakini mtu akivunja mlango wako au kuchukua vitu vyako una haki ya kuandikisha na kupewa nambari ya OB, daftari la matukio la polisi. Ing'ang'anie nambari hiyo. Itaingia kwenye hati yako ya kiapo.

Tufike kwa kazi yenyewe ya wakili. Ombi la zuio la muda hufunguliwa pamoja na kesi, kamwe si peke yake: hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi na taarifa zao, orodha ya nyaraka na nakala zake, kisha ombi lenyewe, hati ya kiapo ya kuliunga mkono, na cheti cha dharura kinachoeleza kwa nini jambo halingoji. Nairobi nyaraka hupakiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, uliozinduliwa Julai 2020, na ada hulipwa kwa simu. Hakimu atatazama mambo matatu ambayo mahakama zetu zimeyafuata tangu 1973: kama una kesi yenye dalili ya kufaulu, kama utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na pale ambapo bado ana shaka, ni upande upi utakaoumia zaidi.

Akiona uzito, anaweza kutoa zuio kabla ya kumsikiza mwenye nyumba. Hapa ndipo ushindi mwingi hugeuka hasara. Zuio la upande mmoja halizidi siku 14, na lazima amri, ombi na hati za kesi zimfikie mwenye nyumba ndani ya siku tatu tangu itolewe. Zisipomfikia, zuio linaanguka lenyewe, bila mtu kuliomba lianguke. Mpangaji anarudi nyumbani na nakala ya amri mfukoni, anaamini amelindwa, kumbe siku ya nne hana kitu. Muulize wakili wako swali moja kabla hujatoka ofisini kwake: nani anapeleka hati, leo au kesho, na nani ataapa kiapo kwamba zimepelekwa? Ada ya mpeleka hati ni ndogo ukiilinganisha na kuanza upya. Mpe nambari ya landilodi, ya agenti, mahali ofisi ilipo, hata saa ambazo huwa anapatikana.

Kinachoangusha maombi kuliko kasoro yoyote ya karatasi ni malimbikizo. Zuio ni huruma ya mahakama, na mahakama inataka anayeiomba awe ametimiza wajibu wake. Mpangaji mwenye deni la miezi mitano ambaye hajalipa hata shilingi tangu notisi ije atasomewa maneno hayo na kuondoka mikono mitupu, hata kama notisi ilikuwa mbovu. Kwa hiyo usiache kulipa kodi kwa hasira. Mwenye nyumba akiikataa au akifunga Paybill, andika ujumbe kwamba umejaribu na uhifadhi jibu, kisha muombe wakili aweke ndani ya ombi kwamba uko tayari kuiweka kodi mahakamani. Kama deni lipo, litaje mwenyewe kwa hesabu kamili na uambatanishe pendekezo la kulimaliza. Hakimu anayelipata deni kwenye kiapo cha mwenye nyumba baada ya wewe kulinyamazia hatakuamini tena kwa lolote. Na "kula dipoziti" si kulipa kodi, isipokuwa mkataba au mwenye nyumba amekubali kwa maandishi.

Ushahidi wa Nairobi uko ndani ya simu, na simu ina mtego wake. Picha za WhatsApp na taarifa ya M-Pesa ni nyaraka za kielektroniki. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ziandamane na cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani, vipi na nani, na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Ni ukurasa mmoja tu, lakini bila huo mwenzako ataomba kila kitu kiondolewe. Chukua taarifa kamili ya M-Pesa ya kipindi chote badala ya kuchapisha meseji moja moja, kisha uweke alama kwenye kila malipo ya kodi. Kama ulikuwa unatuma kwa nambari binafsi ya keateka, itakubidi uonyeshe kwamba ndiye aliyekuwa akipokea kwa niaba ya mwenye nyumba: meseji yake ya "leta rent", risiti aliyoandika, jirani aliyelipa kwa njia hiyo hiyo. Kwenye WhatsApp usikate mazungumzo. Chapisha tangu mwanzo wa mzozo, tarehe na nambari zikionekana.

Wakili huyo anapatikana wapi? Katiba, Ibara ya 50, inamhakikishia mshtakiwa wa jinai wakili wa serikali pale ambapo haki ingeathirika sana bila yeye. Mpangaji hana kifungu kama hicho. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapa wapangaji wa kipato cha chini mawakili katika kesi za kufurushwa, na tungefaa tuidai hapa pia, kwa sababu kupoteza nyumba kunaweza kumvuruga mtu kama vile kufungwa. Tulicho nacho ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Inahudumia wasio na uwezo, pamoja na wakimbizi, na kesi za kiraia zimo. Nenda na kitambulisho, uthibitisho wa kipato au wa kukosa kipato, notisi na risiti. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kimefanya kazi ya makazi, ardhi na ajira miaka yote hiyo. Huwapa watu ushauri, huwafundisha kujitetea, na baadhi ya kesi huzichukua. FIDA Kenya, shirikisho la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake, na mzozo wa nyumba unapofungamana na wa ndoa, anza huko. Wasaidizi wa kisheria wa mitaani wanatambuliwa na sheria ya 2016 na ni msaada mkubwa katika kupanga nyaraka, lakini hawawezi kusimama mahakamani kama mawakili. Yeyote anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili uone kama ana cheti cha mwaka huu. Hati iliyoandaliwa na mtu asiye wakili inaweza kupingwa mahakamani.

Ukimlipa mwenyewe, mgawie kazi vipande na uandike: kujibu notisi ni kiasi gani, kufungua kesi pamoja na ombi la dharura ni kiasi gani, kuhudhuria kila siku ya kesi ni kiasi gani, na ada za mahakama na za kupeleka hati zimo au hazimo. "Nitakuangalilia" si bei. Majirani wakiwa na mzozo mmoja, kama pale jengo zima linapopewa notisi siku moja, wafungue kesi pamoja na kumchagua mmoja awawakilishe. Kanuni zinaruhusu, mradi kila mmoja atie sahihi barua ya kumpa idhini na barua hiyo iwekwe mahakamani. Wapangaji ishirini wakimchangia wakili mmoja wanapata wakili ambaye hakuna kati yao angemmudu. Kinachovunja vikundi hivi ni pale wawili wanapopewa dipoziti yao kisirisiri wakahama. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba hakuna anayezungumza na agenti peke yake.

Mfano mkubwa wa kesi ya pamoja ni wa mtaa wa Muthurwa. Satrose Ayuma na wenzake, wapangaji wa nyumba za mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2010, na mwaka 2013 mahakama ikaamua kwamba haki yao ya makazi chini ya Ibara ya 43 ilikiukwa kwa jinsi walivyofurushwa. Hukumu ilichukua miaka mitatu. Ndiyo maana zuio la mwanzo lina uzito kuliko hukumu yenyewe: ndilo linaloamua mpangaji atalala wapi miaka hiyo mitatu.

Asiyepata wakili asikae nyumbani. Una haki ya kujiwakilisha, na kwenye mahakama ya hakimu unaweza kuandika na kuzungumza Kiswahili, kwa sababu sheria ya kesi za kiraia inaitambua lugha hii katika mahakama za chini. Asiye na ada anaweza kuomba afungue kesi kama maskini, chini ya Amri ya 33 ya kanuni za kesi za kiraia. Kiapo chako kiandike kwa aya fupi zenye nambari, kila aya jambo moja: lini niliingia, kodi ni kiasi gani, nimelipa hadi lini, notisi ilikuja lini, inasema nini, nitapoteza nini. Watoto wanasoma shule gani ya karibu, nani nyumbani ni mgonjwa, umeajiriwa wapi: hayo ndiyo hasara isiyofidika na watu huyasahau kwa kuwa wanaona ni mambo ya kawaida. Kisha uape mbele ya kamishna wa viapo. Kesi nyingi husikizwa kwa mtandao, hivyo chukua kiungo kwenye orodha ya kesi ya siku hiyo, ingia mapema na uandike jina lako pamoja na nambari ya kesi.

Wakati mwingine mwenye nyumba ndiye anayeshtaki. Samansi ikija, hesabu siku zilizoandikwa humo na ujibu kabla hazijaisha, hata kama ni karatasi moja ya kusema upo. Asiyejibu hupewa hukumu akiwa hayupo, na hajui chochote mpaka siku dalali wa mahakama anafika na polisi. Hukumu hiyo inaweza kuombwa itanguliwe, na hukumu iliyosikizwa inaweza kukatiwa rufaa ndani ya siku 30, lakini rufaa peke yake haisimamishi chochote. Lazima uombe pia utekelezaji usitishwe, na mahakama inaweza kukutaka uweke dhamana.

Wenye maduka, hoteli na vibanda wana njia yao: Sura ya 301 na jopo la kodi za majengo ya biashara. Mkataba usioandikwa, au ulioandikwa wa miaka isiyozidi mitano, unalindwa. Notisi ni miezi miwili, kwa fomu maalumu, na aliyepewa anajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kisha anafungua shauri kabla ya siku ya notisi kuanza kufanya kazi. Ukinyamaza hadi siku hiyo ipite, notisi inashika.

Mizozo mingi ya nyumba huishia kwa makubaliano badala ya hukumu, na hapo wakili hupata nafasi ya pili ya kukusaidia. Makubaliano mazuri hutaja tarehe ya kuhama, dipoziti itarudi lini na kwa njia gani, deni lililosamehewa ni kiasi gani, stima na maji havitakatwa kabla ya tarehe hiyo, na nini kitatokea upande mmoja ukikiuka. Yawekwe mahakamani yawe amri, yasiachwe kwenye WhatsApp ya agenti. Yakishakuwa amri ni vigumu mno kuyabadilisha, kwa kuwa mahakama haiyagusi bila ithibati ya udanganyifu, njama au makosa ya kweli katika kuyafanya. Usitie sahihi ukiwa kwenye ukumbi wa mahakama huku kesi yako ikiitwa. Omba nusu saa, usome kila tarehe, na uhakikishe umepata pa kuhamia kabla ya tarehe ya kwanza.